Mayai ya Shangazi

Walimtoa kuku juu ya mayai yake ili wakamwonyeshe watu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Mengine yote ni manyoya.

Kuku alikuwa akilelewa na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa mwisho, ambaye mtaa mzima unamwita Sindano. Ni mwembamba, halafu anachoma. Mama yake ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ni cha kazi, vitambaa mpaka darini, na nyuma kuna ua mdogo wa saruji wenye kamba ya nguo na banda la mbao za makasha. Mimi nilifika pale kukaa wiki moja, kama nifikavyo kila mahali, na wiki ikazaa wiki nyingine.

Sasa kuku gani huyo! Mimi kuku namjua akiwa kwenye sahani. Huyu nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ni kifaranga aliyezeeka. Kimo chake hakipiti birika la chai, rangi yake ya majivu yaliyopoa, na miguu imefunikwa manyoya mpaka vidoleni, utadhani amevaa soksi asikanyage baridi. Mwenyekiti wa chama alikuwa na jina refu la kigeni la aina hiyo, na kila alipolitamka lilitoka tofauti. Watoto walisema tu kuku wa soksi. Huyu wa kwetu aliitwa Shangazi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzunguka uani akikagua kila kitu na kunung'unika.

"Mbona hukumwita Bibi?" nilimuuliza Sindano.

"Bibi alikuwa akifoka ana sababu, Babu. Huyu anafoka bure."

Chama chenyewe kilikuwa cha watoto. Kila Jumamosi walikutana kwenye ukumbi wa jumuiya, wamevaa makoti meupe kama wauguzi, wakajifunza kulea kuku vibete wa aina adimu, wale ambao wafugaji wakubwa wamewaacha kwa sababu hawana nyama wala hawatagi vya kutosha. Wazo zuri, sikatai. Mjukuu wangu huyu, ambaye vyombo vya jikoni vikimwita haitiki, nilimwona akimwosha Shangazi kwenye mabeseni matatu yaliyopangwa mstari, la sabuni ya watoto wachanga, la maji matupu, na la maji yenye tone la siki. Alimsugua kucha kwa mswaki. Alimkausha kwa taulo lililopashwa jua, akampaka mafuta kwenye upanga wake mwekundu wa kichwani kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayepaka wanja. Alimzoesha kusimama kizimbani bila kushtuka akiguswa na kijiti, maana ndivyo majaji wanavyofanya. Na alijua kumbeba: kiganja chini ya kifua, miguu katikati ya vidole, kichwa kikielekea kwenye kiwiko. Siku niliyojaribu mimi nilitoka na mkwaruzo shavuni.

Jogoo wa soksi chamani alibaki mmoja, na jike ni Shangazi peke yake. Watoto walikuwa wakimlea kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kama bwana harusi asiye na kwake. Zamu yake uani kwetu ilipokwisha akarudishwa chamani, mlango wa banda la huko ukaachwa wazi, paka akafanya yake. Lakini Shangazi alikuwa ameshataga, na hakungoja kuambiwa: akayalalia mayai yake saba ndani ya kasha la machungwa, akajitandaza juu yake mpaka akawa bapa kama chapati. Hakukuwa na jogoo mwingine wa aina hiyo kokote Mwenyekiti alikowahi kuulizia. Kwa kadiri walivyojua wao wenyewe, kuku wa soksi waliobaki duniani walikuwa mle ndani ya kasha, mmoja nje ya ganda na saba ndani.

Sindano akatutungia sheria. Viatu tuvue mlangoni. Redio chini. Mimi kukohoa niende barabarani.

"Nikiwa nakufa je?" nikamuuliza.

"Kufa polepole, Babu."

Basi siku chache kabla ya maonyesho makubwa ya chama, Mwenyekiti akaja. Ni daktari wa meno, na tabia zake ni za daktari wa meno: anakuuliza swali kana kwamba mdomo wako umejaa vyuma, kisha anajijibu mwenyewe.

"Sindano, binti mzuri, Jumamosi Shangazi anakuja ukumbini, sivyo? Ndiyo. Mgeni rasmi nimeshamwambia atamwona kuku asiye na mwenzake. Amefurahi? Amefurahi sana."

"Anaatamia, Daktari."

"Ndiyo maana nimekuja. Kuku akiatamia anajinyonyoa kifuani, upanga unapauka, anakonda. Leo bado anatazamika. Wiki ijayo atakuwa kama ufagio."

"Wiki ijayo atakuwa na watoto."

"Na watoto watapatikana, wasiwasi wa nini? Mayai yatakaa kwenye mashine ya chama. Joto halipandi, halishuki. Mashine haishikwi na njaa, haiinuki, haikanyagi yai."

"Kuku havunji yai lake," nikasema kutoka kwenye kigoda changu.

Akanigeukia na tabasamu la meno yote. "Mzee, hiyo ni methali. Sisi hapa tuko kwenye sayansi."

"Na jogoo aliliwa na methali au na sayansi?"

Binti yangu akanikanyaga mguu. Mke wa Mwenyekiti alikuwa mteja wake mkubwa, yeye na dada zake, na gauni la mmoja wao lilikuwa wakati ule ule limetandazwa mezani likingoja mikono.

"Mama," Sindano akasema, "nimeyamulika kwa tochi. Wanacheza ndani. Zimebaki siku chache tu."

"Daktari ndiye mkubwa wa chama, mwanangu. Kuku ni wa chama. Mpe."

Mtoto hakulia. Afadhali angelia. Aliingiza mkono chini ya Shangazi, akatoa yai moja moja, na kila moja akalishika sikioni kabla ya kuliweka kwenye boksi la Mwenyekiti lenye pamba za hospitali. Shangazi alidonoa hewa. Alimdonoa mtoto pia, na mtoto hakuondoa mkono.

Halafu wakamfanyia lile ambalo wafugaji wanalijua, dawa ya kumsahaulisha kuku uzazi. Unamweka kwenye kizimba cha waya kilichoning'inizwa, bila nyasi wala kitambaa, upepo umpige chini ya tumbo mpaka joto la kuatamia limtoke. Mwenyekiti alikileta mwenyewe, akakifunga kwenye kamba ya nguo ya binti yangu, akapangusa mikono. Tangu hapo kutwa nzima nilikaa uani nikimtazama yule kiumbe. Alitembea juu ya waya akilia kilio kidogo kisichokatika. Mwisho akachoka. Akaenda pembeni, akatanua mbawa, akaulalia waya mtupu. Nimeona watu wakinyang'anywa vitu vingi katika safari zangu, lakini sijaona anayefanya hivyo akasema anafanya kwa ajili ya kuokoa kizazi chako.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Meza ndefu, vizimba vyeupe, maranda ya mbao yamemwagwa chini, harufu ya mafuta ya nywele na kinyesi cha kuku. Watoto walikuwa wamesimama wima nyuma ya vizimba vyao. Wenye fujo ni wazazi. Baba mmoja alikuwa akimfuta jogoo mdomo kwa leso yake ya suti. Mama mmoja aligombana na mwenzake eti kuku wake amewekwa dirishani, ataonekana ana mvi. Kanuni zilisomwa, na nazitaja kwa kuwa zilikuja kutumika: kuku akishaingia kizimbani hatoki mpaka Mwenyekiti afunge shughuli, na mtoto atakayemtoa, kuku wake amekwisha kwenye mashindano.

Shangazi aliwekwa katikati, juu ya meza yake peke yake, na kitambaa cha buluu chini. Alikuwa ameoshwa, amepakwa mafuta, anang'aa kama kijiko. Akalala. Wamsukume kwa kijiti, anainuka, anazunguka mara moja, analala tena.

Asubuhi ile Sindano alikuwa ameruhusiwa kuyaona mayai. Mashine ilikuwa kwenye stoo nyuma ya jukwaa, kati ya viti vibovu na ndoo za rangi. Nilikwenda naye. Taa nyekundu inawaka, kioo kimelowa jasho la ndani, mayai saba yamelala. Aliweka sikio kwenye kioo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya boksi.

"Mmoja anaongea," akasema.

"Anasemaje?"

"Anaulizia mama yake." Kisha akaniona nilivyokunja uso, akaongeza, "Natania, Babu. Wanagonga tu."

Mgeni rasmi alichelewa, kama ada ya wageni rasmi. Alipoingia ikaonekana kipaza sauti hakitoi sauti. Fundi wa spika, kijana wa watu, akahangaika na waya zake, akafuata ukuta, akakuta soketi inayofanya kazi karibu na jukwaa ni moja tu, ile ya stoo. Akarudi kwa Mwenyekiti. Haya nayasema kwa uhakika kwa sababu fundi mwenyewe alinieleza baadaye kwa uchungu, na hakuwa na sababu ya kunidanganya.

"Daktari, kuna kitu kimechomekwa pale."

"Chomoa, chomoa! Ni dakika tano tu."

Akachomoa. Mkubwa amesema.

Dakika tano! Mimi nilikuwepo kwenye hizo dakika tano. Mwenyekiti alimkaribisha mgeni. Mgeni alishukuru kukaribishwa. Mwenyekiti akashukuru kushukuriwa. Kisha ikaja hotuba yenyewe ya mgeni. Watoto wamesimama, miguu imeanza kuwatetemeka, kuku wamefungua midomo kwa joto la ukumbi, na mtu mzima anasoma karatasi juu ya hazina inayopotea, juu ya jukumu letu kwa viumbe wadogo, juu ya vizazi vijavyo. Watu walipiga makofi kila alipovuta pumzi. Jua lililokuwa mlangoni nilipokaa lilihama likafika kwenye meza za mbele, na yeye bado yuko kwenye vizazi vijavyo.

Sindano alininong'oneza kwamba anakwenda kuwaona. Aliporudi hakuninong'oneza. Alisimama mbele yangu, uso umemwisha rangi, akanishika mkono kwa vidole vyake. Vilikuwa baridi.

"Babu. Hakuna taa."

Nilimfuata. Kioo kilikuwa kikavu. Aliokota plagi ya mashine sakafuni, akaitazama, akatazama waya mweusi ulioingia ukutani mahali pake, akaufuata kwa macho mpaka ulipopita chini ya mlango kwenda jukwaani. Nikamwona anaelewa. Mtoto yule alielewa kila kitu kwa mara moja. Akang'oa waya ule mweusi.

Kule nje mgeni rasmi alikuwa anasema, "Na sisi kama wazazi—" kisha ikawa kimya. Kikasikika kidole cha Mwenyekiti kikigonga kipaza sauti kilichokufa.

Sindano alichomeka mashine. Taa ikawaka. Lakini chombo kile kinapata joto kwa kujivuta, na mayai alipoyagusa yalikuwa yamepoa, akayakusanya kwenye mfuko wa koti lake jeupe na kutoka nayo. Akapita katikati ya ukumbi, mkono mmoja umekumbatia mfuko, akafungua kizimba cha meza ya buluu, akamtoa Shangazi.

"Mrudishe!" Mwenyekiti alisema kutoka jukwaani. "Sindano! Kanuni unazijua!"

Hakugeuka. Alikaa chini pale pale kwenye maranda, katikati ya miguu ya watu, akamweka kuku mapajani na kuyasukuma mayai chini yake, moja moja. Na yule kuku, aliyening'inizwa kwenye waya ili asahau, aliyeoshwa na kupakwa na kuchokonolewa, hakusahau. Alijifutua manyoya, akayavuta kwa mdomo, akaketi. Nikasikia akitoa ile sauti ya chini ya kuku mwenye mali yake.

Mgeni rasmi akainama kumwangalia. "Huyu ndiye nani?"

"Ndiye yule adimu, mheshimiwa," mtu akasema.

"Mbona ameketi chini?"

Mwenyekiti alikuwa ameshashuka, anatabasamu kwa watu na kuuma meno kwa mtoto. "Kuku huyu ametoka kwenye mashindano. Na mtoto huyu ametoka kwenye chama. Mama Sindano, uko wapi? Mwanao anatuaibisha mbele ya mgeni."

Hapo ndipo nami nikavunja heshima yangu. "Aibu ipi, Daktari? Umewakatia umeme watoto wa kuku ili useme unawapenda! Toka asubuhi mnatuhubiria viumbe wadogo, na viumbe wenyewe uko nao stoo umewazimia taa! Ungekuwa na haya hata ya kukopa ungekopa leo!"

"Mzee, tafadhali. Ilikuwa bahati mbaya. Ni fundi—"

"Mimi?" Fundi wa spika alisimama na waya wake mkononi. "Mimi si nilikuuliza?"

Watu wakasogea karibu ili wasikie vizuri. Binti yangu akatokea katikati ya watu. Nilitegemea atanikanyaga mguu tena. Alimtazama mwanawe pale chini, akamtazama Mwenyekiti, kisha akavua kanga ya begani, akamfunika Shangazi na mayai na mapaja ya mtoto, akasema, "Baba, shika upande ule. Tunampeleka hivyo hivyo alivyokaa." Tukawabeba, mtoto na kuku na mayai, mpaka barabarani. Aliyeshinda siku ile simjui, na sikuuliza.

Nyumbani tulirudia sheria za zamani. Viatu mlangoni, redio chini. Gauni la shemeji wa Mwenyekiti lilichukuliwa halijaisha, likapelekwa kwa fundi mwingine, na wengine wakafuata. Cherehani ilikaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuisikia. Binti yangu hakulitaja hilo hata mara moja, na kila siku alimpelekea Shangazi maji yeye mwenyewe.

Kifaranga alitoka mmoja. Kijivu, mnyevu, miguu imevaa soksi tayari. Sindano aliketi kando ya kasha akicheka peke yake, akimwita majina yote anayoyajua. Tukangoja wengine. Tukangoja hata Shangazi mwenyewe akaanza kuinuka na kuyaacha.

Ndipo Sindano akatandaza gazeti uani na kuyafungua. Nilimwambia asifanye hivyo, akaniambia lazima ajue. Wote sita walikuwa wameshakamilika. Macho yamefumbwa, kucha ziko, hata manyoya ya vidoleni yako, yamelowana. Mmoja alikuwa na ufa kwenye ganda lake. Alikuwa ameshaanza kutoka.

"Babu," akasema, "walikufa alipokuwa anasema nini?"

Nikainama, nikashika pembe ya gazeti upepo usilipindue.

Tulikuwa bado hapo, gazeti liko chini, mlango wa mbele ulipobishwa. Ni Mwenyekiti, na mpiga picha wa chama nyuma yake. Habari za kifaranga zilikuwa zimemfikia.

"Hongera kwetu sote!" alimwambia binti yangu. "Yaliyopita si ndwele, sivyo? Ndiyo. Sindano anarudi chamani, nimeshasema na wenzangu. Tunataka picha moja tu. Yeye ashike kifaranga, mimi nisimame nyuma na mashine."

Binti yangu alikuwa na pini midomoni. Akazitoa moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye mto wake. "Mashine gani?"

"Ya chama. Ipo kwenye gari. Unajua tena, ilichangia."

Nikainuka kutoka kwenye kigoda. Nakiri nilikuwa nakwenda kumfanyia mtu yule jambo ambalo umri wangu hauruhusu. Binti yangu alinizuia kwa kiganja, bila kunitazama, akaita nyuma, "Sindano! Wamekuja kupiga picha."

Mtoto alitoka akiwa amebeba gazeti kwa mikono miwili, wazi, kama mtu anavyobeba sinia. Akasimama mbele yao kati ya vitambaa.

"Kifaranga yuko chini ya mama yake, hatoki," akasema. "Hawa ndio wa mashine."

Mwenyekiti alitazama. Akatazama pembeni. "Mwanangu, haya si mambo ya kupiga picha."

"Chama si cha kuku wa soksi? Hawa ndio kuku wa soksi. Wahesabu."

"Sindano—"

"Huyu alikuwa anatoka. Mwone ganda lake."

Mpiga picha alikuwa ameshainua kamera kwa mazoea, akaishusha, akaiinua tena. "Daktari," akauliza, "nipige au nisipige?"

Sindano akarudi hatua moja, akaligeuzia gazeti dirishani ili mwanga uwafikie wote.